Picha nzuri zilizododa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Morogoro. Nina projekta ndogo, na kila Jumamosi usiku tunaangalia filamu uani kwangu, watu kumi hivi, wengine Kiingereza kinawapiga chenga. Mwaka huu tumeamua kuangalia picha za Marekani za miaka ya 1970. Kila orodha ninayoikuta ina zilezile: The Godfather, Jaws, Taxi Driver, Rocky, Star Wars. Hizo tumeshazimaliza. Je, zipo nzuri ambazo hazikuthaminiwa wakati ule? Na kama zilikuwa nzuri kweli, kwa nini zilidoda?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishalijua jibu lake, la kwanza utaweza kujijibu hata nisipokuwepo. Wanaotafuta filamu zilizosahaulika huuliza ipi ilikuwa nzuri. Mimi huuliza kama askari aliyefika eneo la tukio: hii ilikufaje? Picha haidodi hivihivi. Kuna wiki iliyotolewa, kuna jina iliyopewa, kuna nyimbo ambazo hazikulipiwa, kuna bosi aliyeingia na mkasi, kuna makopo ya negativu, yaani mkanda wa asili wa picha, yaliyoachwa stoo. Ukishajua chanzo cha kifo ndipo unajua kama marehemu alikuwa na kosa au alionewa. Na kule Marekani, muongo ule walionewa wengi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo kampuni za Hollywood zilikuwa zimechanganyikiwa. Televisheni ilikuwa imewanyang'anya watazamaji, picha zao kubwa za nyimbo na mavazi zilikuwa zinakula hasara, halafu mwaka 1969 Easy Rider, picha ya vijana wawili na pikipiki zao iliyotengenezwa kwa hela ndogo sana, ikaingiza mamilioni. Wakubwa wakaona heri wawape vijana fedha, huenda wanajua tusichokijua. Kwa miaka mitano sita hivi, mwongozaji aliweza kulipiwa hadithi ambayo stelingi anashindwa, au anakufa kijinga, au hana maana yoyote. Kisha Juni 1975 ikaja Jaws. Kabla yake picha nyingi zilifunguliwa taratibu, New York na Los Angeles kwanza, halafu mji baada ya mji, watu wakisimuliana. Jaws ilifunguliwa siku moja katika kumbi zaidi ya 400, huku televisheni ikiwa imejaa matangazo yake. Ikavunja rekodi zote. Tangu hapo kampuni ikawa inataka kujua Jumapili usiku kama picha iliyotoka Ijumaa ni hai au maiti. Zile zinazohitaji kusimuliwa zikakosa muda wa kusimuliwa.

Aliyeumia vibaya zaidi kwa mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, ni William Friedkin na picha yake Sorcerer ya mwaka 1977.

Friedkin alikuwa moto wa kuotea mbali. The French Connection ilimpa Oscar ya uongozaji, na The Exorcist ya 1973 ilipanga foleni za watu kuzunguka mitaa. Baada ya mbili hizo angeweza kuomba chochote, akaomba msitu, malori na baruti. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye riwaya ya Mfaransa Georges Arnaud, na mwongozaji Clouzot alikwishaitengenezea picha mwaka 1953. Watu wanne wamekimbia nchi zao, kila mmoja na dhambi yake: jambazi wa New Jersey, mwenye benki wa Paris, Mpalestina aliyetega bomu Jerusalem, na muuaji wa kukodiwa. Wanajikuta kijiji kimoja cha matope Amerika ya Kilatini. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Wamarekani kinawaka moto mbali huko, na moto wa namna hiyo huzimwa kwa mlipuko. Baruti ipo, ila imehifadhiwa vibaya hadi nitrogliserini imevuja chini ya masanduku. Mtikisiko mmoja, kwisha habari. Helikopta haifai. Basi malori mawili makuukuu, watu wanne, na barabara ambayo si barabara.

Kuna tukio la daraja la kamba na mbao juu ya mto uliofurika, mvua inapiga, upepo unapiga, lori linapita likiwa limelalia upande mmoja kiasi kwamba huamini macho yako. Mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake yuko mbele kwa miguu anamwongoza, gurudumu likikanyaga ubao ubao unavunjika. Hakuna kompyuta hapo, ni lori kweli juu ya daraja kweli. La kwanza walilijenga Jamhuri ya Dominika kwa dola milioni 1 hivi, mto ukakauka kabla hawajapiga picha, wakalibomoa na kwenda kulijenga upya Mexico. Siku nilipoionyesha kwa kikundi chetu alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori njia ya kusini, Kibiti kwenda Lindi, enzi ambazo masika yakianza lori linalala njiani wiki nzima. Mzee yule alisimama. Akaanza kumfokea dereva ukutani: "Toa mguu! Toa mguu, msikilize utingo wako!" Hakukaa tena hadi lori lilipovuka.

Sasa picha kama hiyo inadodaje? Anza na jina. Sorcerer maana yake mchawi. Ni jina lililoandikwa kwenye mojawapo ya malori, kama yetu yanavyoandikwa "Mungu Nisaidie" au "Wivu Wako", lakini bango la ukutani halikueleza hivyo. Aliyetengeneza The Exorcist anatoa picha inayoitwa Mchawi: watu walikuja kutafuta pepo, wakakuta matope. Halafu dakika kumi na sita hivi za mwanzo hazina Kiingereza karibu kabisa, ni Kihispania, Kiarabu, Kifaransa, mpaka baadhi ya kumbi zikabandika matangazo kuwaambia wateja wasiondoke, Kiingereza kinakuja. Halafu nyota hakuna. Steve McQueen aliutaka mchezo ule lakini aliomba mkewe naye apewe kazi, Friedkin akakataa, na mwenyewe alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba alifanya ujinga. Roy Scheider ni mwigizaji mzuri sana, ila jina lake pekee halikujaza ukumbi.

Na halafu kalenda. Star Wars ilitoka tarehe 25 Mei 1977, Sorcerer ikafuata Juni 24. Ukumbi maarufu wa Chinese Theatre kule Hollywood uliitoa Star Wars kuipisha Sorcerer kwa sababu mkataba ulikwishasainiwa. Watu hawakuja. Star Wars ikarudishwa palepale. Ni sawa na kufungua mgahawa siku ambayo jirani yako anagawa pilau bure. Ilikuwa imekula dola milioni 22 hivi, na Marekani nzima ikarudisha chini ya milioni 6. Kwa kuwa kampuni mbili, Universal na Paramount, zilichangia fedha, baadaye hakuna aliyejiona mwenye mali kiasi cha kuihangaikia, mpaka Friedkin alipokwenda mahakamani mwaka 2012 ili tu ijulikane haki ziko kwa nani. Nakala iliyosafishwa ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2013. Tafuta hiyo, si zile za zamani zenye rangi zilizopauka.

Kwa watu wako wasiojua Kiingereza hii ndiyo ya kuanzia. Maneno ni machache, na yale yaliyowachosha Wamarekani wa 1977 sisi hayatusumbui. Tumezoea picha za Kihindi bila kujua Kihindi.

Kwa kuwa umetaja Rocky: miaka minne kabla yake, 1972, mzee John Huston, ambaye ujanani mwake alipanda ulingoni mwenyewe, alitengeneza picha ya ngumi inayoitwa Fat City. Ni mji wa Stockton, California, ambako mabondia wa daraja la mwisho asubuhi wanavuna vitunguu kwa kibarua na jioni wanapigana. Stacy Keach ni bondia aliyekwisha ambaye kila wiki anasema atarudi mazoezini, na Jeff Bridges, kijana mbichi, ndiye anayechukua nafasi yake bila kufika mbali zaidi. Hakuna ngazi za kupanda mbio, hakuna muziki wa kukupandisha mori. Kuna bondia wa Kimexico anayekuja kupigana na Keach: anashuka kwenye basi peke yake, anaingia hotelini peke yake, anakojoa damu, hamwambii mtu, anapanda ulingoni. Baada ya pambano anatoka ukumbini kwa suti yake safi, na nyuma yake taa za korido zinazimwa moja moja. Ni dakika chache tu na hasemi chochote. Mimi Rocky naipenda, ila bondia huyu ndiye ninayemkumbuka. Wakosoaji waliisifu, watu hawakwenda, basi. Hapo sina fumbo la kufumbua: hakuna anayelipa nauli kwenda kuangalia watu wakishindwa.

The Friends of Eddie Coyle ya 1973, ya Boston, na Robert Mitchum akiwa mhuni mzee anayeuza bunduki na kuwauza marafiki ili asirudi jela, iko kundi hilohilo. Ni nzuri mno lakini ni maneno tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na maneno ya mtaani. Itazame mwenyewe siku za katikati ya wiki.

Nikija kwenye Killer of Sheep niruhusu nikae.

Charles Burnett alizaliwa Mississippi, akakulia Watts, mtaa wa watu weusi Los Angeles. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, na hii ndiyo kazi aliyoikabidhi kumalizia shahada yake mwaka 1977. Aliipiga mwishoni mwa wiki, kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, akiwatumia majirani na watoto wa mtaani, kwa chini ya dola 10,000. Stan anafanya kazi machinjioni. Anachinja kondoo mchana, usiku hapati usingizi. Kisa ndicho hicho. Ukiniuliza kinatokea nini nitakwambia hakitokei kitu, na sijawahi kuona mtu akiondoka katikati.

Kuna siku Stan na rafiki yake wanakwenda kununua injini ya gari iliyotumika. Wanalipa, wanaibeba wawili kushuka nayo ngazi, na Burnett hakukatii njia: unaibeba pamoja nao, kituo, pumua, kituo. Wanaifikisha kwenye pikapu, wanaiweka ukingoni kabisa mwa bodi. Rafiki ameumia kidole, amechoka, anasema basi hapo hapo inatosha, haitaanguka. Gari liko kwenye mwinuko. Linapigwa moto, linaondoka, injini inaanguka chini, bloku inapasuka. Wanashuka, wanaitazama. Wanaondoka. Kamera iko nyuma ya pikapu, na injini inabaki katikati ya barabara ikizidi kuwa ndogo. Katika darasa nililoionyesha kulikuwa na kijana anayesoma huku akifanya kazi gereji. Wenzake walicheka, yeye akashika kichwa. Akasema, "Mwalimu, ile ni mishahara." Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu tukio lile na hakuna iliyonifikisha mbali kuliko maneno hayo.

Kuna lingine, Stan na mkewe wanacheza muziki sebuleni, taratibu, dirisha nyuma yao, Dinah Washington anaimba. Mwanamke amemshikilia mumewe kama mtu anayezama. Wimbo unaisha, mume anaachia mikono, anaondoka chumbani. Hakuna ugomvi. Angalia uso wa Kaycee Moore baada ya hapo. Nyamazisha watu wako ikifika hapo.

Na hii ilikufaje? Ilikufa kwa muziki huohuo. Burnett alijaza picha nyimbo alizokua nazo, Paul Robeson, Louis Armstrong, Dinah Washington, Earth, Wind & Fire, bila kulipia haki, kwa sababu ilikuwa kazi ya shule na hakufikiria ukumbi wa biashara. Haki za nyimbo zisipolipiwa picha haiuziki. Ikawa inaonyeshwa vyuoni, makumbusho, na kwenye matamasha. Mwaka 1981 tamasha la filamu la Berlin likaipa tuzo ya wakosoaji. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu zinazopaswa kuhifadhiwa milele kama hazina ya taifa, na wakati huohuo Mmarekani wa kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kuiona! Hadi mwaka 2007. Kampuni ndogo ya Milestone ililipa dola 150,000 za nyimbo, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya picha yenyewe, na UCLA wakaitoa kwenye milimita 16 wakaipandisha 35. Hata hivyo wimbo mmoja wa Dinah Washington wa mwishoni haki zake hazikupatikana, wakarudia mwingine wa kwake badala yake. Burnett alipewa Oscar ya heshima mwaka 2017. Alikuwa na miaka 73.

Aliyeiokoa nakala hiyo pale UCLA, Ross Lipman, ndiye aliyeiokoa na Wanda. Barbara Loden alikuwa mwigizaji, mke wa mwongozaji maarufu Elia Kazan. Alisoma gazetini habari ya mwanamke aliyeshiriki wizi wa benki, hakimu akamfunga miaka 20, na yeye akamshukuru hakimu. Loden hakuweza kuliacha jambo hilo. Mwaka 1970, kwa dola 115,000 hivi na kikosi cha watu wachache mno, aliandika, akaongoza na kuigiza mwenyewe. Mwanzoni kuna mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anayekatiza katikati ya milima ya makaa ya mawe Pennsylvania, mbali kabisa, mdogo kama punje ya mchele iliyoangukia kwenye gunia la mkaa, na kamera inamfuata bila haraka yoyote. Anamwomba mzee anayeokota makaa hela kidogo. Anafika mahakamani amechelewa, rola kichwani, na hakimu anapomuuliza kuhusu watoto anasema kama mume anataka talaka wampe tu. Wanawake wengi waliichukia wakati ule, na naelewa kwa nini: harakati zilitaka mwanamke anayesimama, Loden akawaletea asiyesimama. Venice ilimpa tuzo ya wakosoaji, nyumbani ikafunguliwa ukumbi mmoja New York. Alifariki mwaka 1980 kwa saratani ya matiti, na miaka 48 tu, bila kutengeneza filamu ndefu nyingine. Mwaka 2007 maabara moja ya Hollywood ilikuwa inafungwa, na negativu zake zilikuwa miongoni mwa makopo yanayosubiri kutupwa Lipman alipozifikia.

Binafsi niliiona mara mbili kabla ya kuipenda. Usiiweke ya pili, watu wako watakukimbia.

Upande wa waliokatwa kwa mkasi, kuna Ganja & Hess ya Bill Gunn, 1973. Mwaka uliotangulia Blacula, picha ya mnyonya damu mweusi, ilikuwa imeingiza fedha, watayarishaji wakampa Gunn dola 350,000 atengeneze nyingine kama hiyo. Gunn akachukua fedha na kutengeneza kitu kingine kabisa: msomi tajiri anayechomwa na kisu cha kale cha Kiafrika, halafu uraibu, kanisa, ndoa, kiu isiyoisha. Neno lenyewe la mnyonya damu halitajwi. Tamasha la filamu la Cannes liliionyesha kwenye Wiki ya Wakosoaji. Nyumbani waliomlipa wakashtuka, wakaichukua, wakakata zaidi ya nusu saa, wakaipa jina jingine, Blood Couple, na kuiuza kama picha ya kutisha ya bei rahisi. Ile ya Gunn ilinusurika kwa sababu nakala moja ilikuwa imehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma jina. Ukiona Blood Couple, achana nayo. Na hiyo, nakuonya, ina matukio ya utupu. Uani kwenye watoto usithubutu.

The Spook Who Sat by the Door, mwaka huohuo, nayo kifo chake kina harufu. Jina ni mchezo wa maneno: neno moja linalomaanisha jasusi na pia ni tusi kwa mtu mweusi. Serikali inalazimika kuajiri mweusi wa kwanza CIA. Wanampata, Dan Freeman, wanamfundisha mabomu, silaha na vita vya msituni, kisha wanamkabidhi mashine ya kudurufu karatasi na kumpitisha mbele ya wageni. Anavumilia miaka mitano, anaacha kazi kwa adabu, anarudi Chicago na kuwafundisha vijana wa mtaani kila alichofundishwa. Nasaha anayowapa haijazeeka: mweusi mwenye ufagio au sinia mkononi anapita popote Marekani, maana hakuna anayemtazama usoni. Sam Greenlee aliyeandika riwaya na mwongozaji Ivan Dixon walichangisha kwa watu weusi, zikawaishia, wakaionyesha United Artists vipande vya mapigano tu ili wadhani ni picha ya kawaida ya ngumi na bunduki. Chicago haikuwapa ruhusa, wakahamia Gary, Indiana, ambako meya alikuwa mweusi, Richard Hatcher. Muziki ni wa Herbie Hancock. Ilitoka, watu wakaja, baada ya wiki chache ikaondolewa kumbini. Greenlee alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba mkono wa FBI ulikuwemo. Negativu zilifichwa stoo kwa jina la uongo, na DVD ilipatikana mwaka 2004. Nikisema ukweli uigizaji wake una mabonde, na baadhi ya matukio yanaonekana yalipigwa mara moja tu wakakimbia. Bado mjadala baada yake ndio mrefu kuliko wa picha yoyote niliyowahi kuonyesha, tulifunga saa saba usiku.

Ila usiamini kila orodha inayokuambia hiki ni kito kilichofichwa. Nyingine zilidoda kwa haki. Na nyingine zilidoda kwa kusifiwa mapema: Two-Lane Blacktop ya 1971, ya mashindano ya magari, jarida la Esquire lilichapisha mswada wake wote na kuitangaza picha ya mwaka kabla haijatoka. Ilipotoka ikala mweleka. Leo kuna watu wanaiabudu. Mimi napenda mwisho wake, mkanda unapoungua machoni mwako, na katikati yake husinzia.

Umeniuliza za Marekani, lakini siwezi kufunga barua bila Sambizanga ya 1972. Sarah Maldoror, aliyezaliwa Ufaransa kwa baba wa Guadeloupe na kusomea sinema Moscow, aliipiga Kongo Brazzaville kwa sababu Angola yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Mumewe, Mário Pinto de Andrade, alikuwa kiongozi wa MPLA, chama cha ukombozi wa Angola kilichokuwa na ofisi yake hapa Dar es Salaam. Ni mwaka 1961. Polisi wanamkamata Domingos, dereva wa trekta, mbele ya mkewe. Maria anambeba mtoto mgongoni na kuanza kutembea, kituo cha polisi hadi kituo cha polisi, na kila afikapo anaambiwa hayupo hapa, nenda kule. Kamera inakaa na miguu yake, vumbi, mtoto anayelia. Tamasha la filamu la Carthage, Tunisia, liliipa tuzo yake ya Tanit ya dhahabu. Halafu kwa miongo kadhaa nakala nzuri haikuwepo. Maldoror alifariki Aprili 2020 kwa Uviko, iliyosafishwa ikatoka 2021.

Ratiba yangu ni hii: Sorcerer Jumamosi ya kwanza, sauti juu, majirani watakusamehe. Killer of Sheep ya pili, ni dakika themanini tu, mnabaki na muda wa kahawa. Fat City na ile ya Greenlee zinafuata. Wanda iweke mwishoni mwishoni. Sambizanga ifungie ratiba, na siku hiyo usiwaalike walewale kumi. Waite kina mama wa mtaani. Mara ya mwisho nilipoionyesha, bibi mmoja alianza kumjibu askari wa Kireno kwa niaba ya Maria, na wengine wakampokea.